Atakayekungoja Kwenye Njia ya Lemera

Sifa, mwanangu,

Mambo ya chandarua, ya maji ya kuchemsha na ya sweta mama yako amekwisha kuyasema, na kwa sauti, kwa hiyo sitayarudia. Nakusikieni kutoka hapa barazani mkibishana juu ya sufuria. Yeye anataka uchukue mbili, wewe unasema kituo cha afya kilichokuajiri kina vyombo vyake. Utachukua mbili. Pia utavaa lile gauni jipya la kitenge alilokushoneshea, ingawa unasema ni zuri mno kwa vumbi la njia. Nimeishi naye muda wa kutosha kujua jinsi mabishano ya namna hii yanavyoisha.

Nakuandikia kwa sababu nikisema kwa mdomo nitaanza kufundisha. Ni ugonjwa wa kazi. Uliwahi kuniambia kwamba kwangu hata kuomba chumvi mezani kuna utangulizi na hitimisho. Basi barua hii haina utangulizi. Juma lililopita, siku uliyokwenda Kamanyola kuwaaga rafiki zako, alikuja mtu hapa nyumbani. Alikuwa mama aliyekuzaa. Kesho, gari litakapoacha tambarare na kuanza kupanda kuelekea Lemera, atakuwa amesimama kando ya njia, pale inapoanzia njia ya kuingia kijijini kwake. Hatapunga mkono. Gari likisimama, atashukuru. Likipita, amesema atakuwa amekuona, na itatosha.

Kusimama au kupita ni uamuzi wako, na dereva sikumwambia neno. Lakini utaamua kwa kutegemea kile unachokijua juu ya yule mama, na karibu yote unayoyajua uliyapata kwangu. Sasa nimegundua kwamba nilikupa hadithi yenye tundu kubwa katikati. Mama yako alitaka tukuambie siku ileile uliporudi. Mimi niliomba nafasi ya kufikiri, na kufikiri kwangu unakujua, kumekula juma zima. Ukweli ni kwamba niliogopa. Nitafika hapo.

Niruhusu nianze na yale ambayo ulikuwa mdogo mno kuyakumbuka. Vita vilikuwa vimekwisha kubadilisha wakubwa wake mara kadhaa, ila sisi hapa Uvira tuliviita vita tu, bila namba. Watu wa milimani waliteremka na mikeka na mbuzi wao, wakalala katika madarasa ya shule moja hapa mjini, na watoto wa mji wakakosa pa kusomea. Mimi nilikuwa mwalimu kijana, nimetoka masomoni ng'ambo, najivunia elimu mpya ambayo hapa hakuna aliyeifahamu: ushauri nasaha kwa njia ya masimulizi.

Umekulia ndani ya kazi hiyo, lakini sidhani niliwahi kukueleza vizuri, kwa kuwa nyumbani ulikuwa ukikimbia nikianza. Mtu anayeteseka huja akisema, mimi ni mwoga, mimi ni kichaa, mimi ni mkosi. Sisi hatukubaliani naye. Tunalichukua lile jambo linalomtesa, tunalitenga naye, tunalikalisha kwenye kiti cha pembeni kama mgeni ambaye hakualikwa. Kisha tunaulizana, yeye na mimi: huwa linakuja saa ngapi? Linakudanganya nini? Siku gani ulilikatalia? Mara nyingi mtu hulipa jina, apate kulisema bila kujitukana mwenyewe. Mwishoni anasimulia maisha yake upya mbele ya watu wachache anaowaamini, nao wanamrudishia kile walichokisikia. Ni kazi nzuri. Bado naiamini, hata baada ya haya.

Mama aliyekuzaa alilala katika darasa la mwisho, karibu na vyoo, pamoja na wewe na mama-mkwe wake, yaani nyanya yako. Darasani, katika mihadhara yangu, nilimwita Mama Tumaini, maana utaratibu wetu unataka kuficha jina la mtu, na jina hilo likahamia mpaka hapa mezani petu. Leo nitamwita yule mama, mpaka nifike mahali pa kumwita vizuri.

Shida yake ilikuwa moto. Mchana aliwasha kama mwanamke yeyote, akapika, akachota makaa kwa jirani. Jua lilipoanza kuingia nyuma ya milima mikono yake iligoma. Ninyi watatu mlikula baridi huku wenzenu wakikoleza kuni. Sababu aliijua kila mtu wa kijiji chake. Jioni baba yako mzazi alipochukuliwa, moto wa jikoni ndio ulioonyesha watu wenye silaha kwamba nyumbani mna watu. Aliyeuwasha ni yeye. Baba yako hakurudi.

Nilikaa naye juma baada ya juma, juu ya madawati yaliyopinduliwa. Siku moja nikamuuliza swali langu: hicho kinachokukataza, kama kingekuwa na jina, ungekiita nani? Alifikiri sana, nawe umelala mgongoni.

"Mukatazaji," akasema. "Iko anakuja jua ikianza kupotea. Ananiambia, weye ukiwasha, watatuona."

Tukamtia huyo Mkatazaji kitini. Tukamchunguza. Tukagundua kwamba anapoona wanawake wengi wanapika pamoja anapungua nguvu, na kwamba hapendi nyimbo. Jioni moja yule mama alikuja mbio kunichukua ofisini, akanishika mkono mbele ya wenzangu, akanipeleka uani. Kulikuwa na moto, na juu yake chungu cha maharagi. "Leo nimemuambia akae inje," akasema. "Sisi tunapika." Wanawake walipiga vigelegele. Mimi niliandika makala juu ya jambo hilo, na makala ikasomwa mbali.

Upande wa milimani ulipotulia kidogo, watu wakarudi makwao. Nikawakusanya nikawapa neno la kuagana. Nikasema: jambo lako likirudi, usilifiche. Litaje kwa jina lake mbele ya watu unaowaamini. Lilikuwa neno la kitabuni, nami nililitamka vizuri. Mkatazaji alirudi, kama tulivyotazamia. Na watu ambao yule mama aliwaamini kuliko wote walikuwa wanawake wa chumba cha maombi cha kanisa lake. Akaenda akamtaja.

Hapa ndipo penye kosa langu, na ni kosa la ajabu kwa mtu aliyezaliwa huku. Katika vitabu nilivyosoma, baada ya kupata jina, swali linalofuata ni: kinataka nini kwako? Katika chumba cha maombi swali linalofuata ni: nani alikituma? Kwetu kitu chenye jina hakitembei chenyewe. Mimi nimekua nikilisikia swali hilo katika kila msiba, katika kila homa ya mtoto. Shangazi zangu waliliuliza wakimenya mihogo. Lakini nilikwenda ng'ambo nikalisahau, au nililiona dogo, nikarudi nikampa mwanamke mjane jina la kupeleka mahali ambapo kila jina hutafutiwa mwenyewe.

Hawakutafuta mbali. Nyanya yako alikuwa mzee, mjane, mwenye macho mekundu kwa moshi wa miaka yote. Hakuhitaji kosa jingine ili aitwe mchawi. Wewe umesikia vilevile kama mimi wanavyofanyiwa wazee wa namna hiyo, sina haja ya kueleza.

Muda si mrefu yule mama alikuja hapa mtaani kwetu, Rugenge, na wewe mkononi. Meno yako ya utoto yalikuwa yameota yote, na gauni lako lilikuwa refu, linafagia. "Profesa," akasema, "munichungie huyu kwanza, asome." Alikunywa maji kwa kusimama. Wewe ulikuwa umekwisha kukimbilia bata wa jirani. Aliondoka bila kukuaga, na mama yako alikasirika sana, nakumbuka, alisema huyu ni mtu wa namna gani. Siku chache baadaye mchuuzi wa maharagi aliyetoka kulekule akatuletea habari. Yule mama alisimama kanisani akatangaza kwamba amemwona Mkatazaji, alikuwa amekaa ndani ya mtoto, na sasa ameondoka na mtoto, ameshuka Uvira kwa profesa. Kanisa zima liliimba kushukuru. Na ikaamuliwa kwamba mtoto huyo asirudi tena kule juu.

Nikahitimisha upesi. Wamemtisha, nikasema, naye amemtoa mtoto wake ili ajiokoe. Nilimhurumia, hilo liandike upande wangu. Lakini huruma haikunizuia kuitumia hadithi hiyo kufundishia, mwaka baada ya mwaka, na nilikuwa na sauti maalumu kwa ajili ya sehemu ya mchuuzi wa maharagi. Wanafunzi waliacha kuandika, wakanitazama. Wengine walilia. Ulipofika umri wa kuuliza, wewe nilikupa ileile, nikiipunguza makali. Nilisema, mama aliyekuzaa aliogopa. Ulikuwa unamenya mihogo. Ulisema, "Yaani alinitaja," ukaendelea kumenya. Hukuuliza tena mpaka leo, nasi tulijidanganya kwamba umeridhika.

Tangu hapo nilibadilika katika kazi, hilo unalifahamu, ila huenda hujui lilitokana na nini. Nilianza kwenda katika vyumba vya maombi. Si kuwafundisha. Nilikaa nyuma, juu ya mkeka, nikivua viatu kama wengine. Wenzangu wa chuo walisema nimechoka akili, na wachungaji walifurahi kwamba hatimaye nimeokoka. Wote walikosea. Nilitaka kujua ni mahali gani lile swali lao linapoingia, nipate kuweka jingine kabla yake.

Mwanzoni niliharibu. Katika matanga fulani nilianza kumweleza mfiwa jinsi huzuni inavyoweza kutengwa na mtu, na shangazi yake akanitia mkononi basini, beseni la kunawia. "Profesa," akasema, "weye shika hii, watu wanawe mikono. Maneno iko kesho." Nikashika basini mpaka watu wakaisha. Nikajifunza zaidi pale kuliko katika mwaka wangu wa mwisho ng'ambo, kwa sababu mtu anaponawa mikono huwa anasema kitu kidogo, na hicho kidogo ndicho cha kweli.

Baadaye nikapata swali. Mtu akilitaja jambo lake chumbani, na kabla yeyote hajauliza nani alilituma, mimi huuliza: lilipokuwa linakutesa, nani alikaa nawe? Basi watu huanza kutaja. Dada fulani aliyeleta kuni, mtoto aliyekataa kulala, Mungu pia, na kwa namna wanavyomtaja utadhani alikuja na mkeka wake. Wakimaliza, aliyetaka kumtafuta mchawi huwa amekwisha kutajwa mwenyewe kati ya walioleta maji, na inakuwa vigumu kuendelea. Haifanyi kazi kila mara. Imefanya kazi mara za kutosha kunifanya niendelee kuvua viatu.

Imani yangu mwenyewe ni kavu, Sifa. Naomba kwa maneno machache na silii kanisani. Na tangu vita siwezi kuketi nikiupa mlango mgongo, hata nyumbani kwa askofu. Umewahi kunicheka kwa hilo. Nami nina Mkatazaji wangu, ila sikumpa jina, maana nimejua jina linavyosafiri. Kule kituoni watakuja watu wanaosema tumbo, nawe utashika tumbo na kuona halina kitu. Usiwe na haraka kama mimi ya kujua linaitwaje. Uliza nani amemsindikiza mgonjwa.

Sasa nirudi kwa mgeni wetu.

Alifika kabla ya jua kali, ana kapu la maharagi kichwani na kuku mwekundu kwapani. Ndiyo, ni yule kuku uliyemla Jumapili ukasema huyu ana ladha ya milimani, na mama yako akakujibu kwamba alimnunua sokoni. Sikumtambua yule mama mpaka alipokataa kiti, akaketi chini kwenye ngazi ya baraza akautazama mlango. Alikuwa amesikia kwa watu wa kituo kwamba muuguzi mpya anaitwa Sifa na anatoka kwa profesa wa Rugenge.

Nilijiandaa kumsamehe. Nakuambia jinsi ilivyokuwa. Nilikuwa na maneno tayari, ya utu uzima, ya mtu anayeelewa. Nikaanza kusema kwamba tunajua aliogopa siku zile, na hakuna anayemlaumu.

"Kuogopa niliogopa," akasema. "Lakini Profesa, weye unafikiri nilimutoa mutoto?"

Nikasema ndivyo tulivyosikia.

"Mulisikia vile minye nilisema. Nilisema kwa nguvu ili wasikie wote." Alivuta kitenge chake juu ya magoti. "Walikuwa wanamutaka mama mukwe. Walishatafuta kuni. Mungu anajua. Nikawaza, hawa wanataka muntu. Nikiwaambia hakuna muntu, watanicheka. Basi nikashuka na Sifa kwanza, nikamufikisha hapa kwako. Nikarudi. Nikawaambia, kile kitu kiko ndani ya mutoto, na mutoto ameenda. Iko kwa Profesa, mutu wa vitabu, atakifunga. Sasa wangemufata nani? Sifa iko mbali, iko mu nyumba yenye ukuta. Na mama mukwe hakuna tena wa kumugusa."

Nilikuwa naikagua hadithi yangu ya miaka yote, sehemu kwa sehemu, na yote aliyoyasema mchuuzi wa maharagi yalikuwa palepale. Hakuna neno lililobadilika. Nilichokipuuza ni mfuatano tu: kwanza alikuleta, ndipo akakutaja. Mimi nilijua mfuatano huo. Nilikuwepo ulipofika. Sikujiuliza hata mara moja kwa nini mtu anayemtoa mtoto wake kafara anampeleka kwanza mahali salama.

Nyanya yako aliishi. Alikufa kitandani pake, amezeeka, na jirani zake walimlilia. Kila jioni, mpaka mwisho, moto uliwashwa katika nyumba ile, na aliyeuwasha ni yule mama. Nilimuuliza Mkatazaji aliendaje.

"Nilishasema mbele ya kanisa kwamba ameenda," akajibu. "Ningekaa tena bila moto, wangejua nilidanganya. Basi nikawasha tu. Mikono iko inatetemeka, nawasha."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia mimi. Ningetunza siri.

Alicheka, na hapo ndipo nilipouona uso wako. "Weye? Ungepanda mulima kesho yake kuja kuwaeleza kwamba ni uongo, na kwamba kile kitu si shetani, na kwamba kuna kitabu. Minye nakujua. Weye unapenda kueleza."

Ni kweli kabisa, ningepanda.

Kisha nikauliza lile ambalo wewe ungeuliza. Kwa nini hakuja kukuona? Alisema nyanya yako alipokuwa hai haikuwezekana. Wangesema amekwenda kukifuata kile kitu, na mambo yangeanza upya. Njia nazo unazijua, zilifungwa na kufunguliwa kama mlango wa duka. Nyanya yako alipokufa, alikuja.

"Nilifika mpaka hapa ku mulango wa inje," akasema. "Nikasikia mutoto anaita, mama, mama, iko anatafuta kiatu. Nikasikia mama wa humu anaitika. Nikasimama kidogo. Nikawaza, nikigonga, huyu mutoto ataitika kwa nani? Nikarudi ku gari."

Sifa, katika kazi yangu nimesikia mengi, na nimejizoeza kusikia bila kuvunjika, kwa kuwa aliyevunjika hamsaidii mtu. Siku ile nilishindwa. Niliingia ndani kana kwamba natafuta miwani, nikasimama mbele ya kabati.

Na sasa nifike pale nilipoahidi. Niliogopa, juma zima hili, kwamba ukiijua hadithi yote utashuka kwenye gari ukiwa binti yangu, na ukipanda tena utakuwa wa mtu mwingine. Nilitafuta kila hoja ya kitaalamu ya kuchelewesha kukuambia. Nilizipata nyingi na zote zilikuwa nzuri. Mama yako alizisikiliza zote usiku mmoja, kisha akasema, "Maliza, tulale," akageukia ukutani. Hakuwa na hofu hiyo. Au kama anayo, ameifunga vizuri kuliko mimi.

Nikuambie alivyofanya, halafu nitakuacha ufunge begi. Yule mama aliposimama kuondoka aliuliza, "Mama wa humu, hapa mutaani wanamuitaka nani?"

Nikamwambia, Mama Sifa.

Akakubali kwa kichwa, polepole. "Ile ilikuwa jina yangu," akasema, bila lawama hata kidogo. "Kule juu waliiacha tangu ile siku ya kanisa. Wananiitaka tu Nabintu, sawa na musichana asiye na mutoto. Iko vizuri. Umuambie Sifa, naye aniite Nabintu. Asihangaike kunitafutia jina ingine."

Mama yako alikuwa jikoni. Kuta zetu unazijua, alikuwa amesikia yote tangu mwanzo na hakutoka. Sasa akatoka. Akalichukua kapu, maana mgeni harudi na kapu tupu, akatia chumvi, sabuni na ndagala, wale dagaa wa ziwani, na juu yake akaweka kitu kilichokunjwa ambacho sikukiona vizuri. Akalitwika kichwani mwake mwenyewe, akatoka kumsindikiza mgeni. Mimi nikafuata nyuma.

Walikwenda mpaka barabarani, pale wanaposimama vijana wa pikipiki, na majirani wote wako nje wakitazama, kama kawaida yao. Yule mama akapanda. Mama yako akampa kapu, akamtengenezea kitenge kisishikwe na gurudumu. Kisha akasema kwa sauti yake ya sokoni, ile inayovuka mto:

"Mama Sifa, ufike muzuri."

Majirani waligeuka. Yule mama alimtazama kwa muda. Halafu akasema, "Aksanti, Mama Sifa," na pikipiki ikaondoka.

Tulipokuwa tunarudi nilijaribu kusema jambo. Mama yako akanikata. "Hapa Rugenge tu, Mama Furaha wako wangapi?" akasema. "Na hakuna anayepigana."

Kwa hiyo hadithi ya Mama Tumaini nimeiondoa darasani. Wanafunzi wa mwaka huu hawataipata. Ukitaka isimuliwe utaisimulia wewe, Nabintu akikubali, na sauti maalumu mtajichagulia wenyewe. Mimi nikialikwa nitakaa nyuma, karibu na ukuta, nikiutazama mlango.

Kesho ukipita ukawa hukusimama, nyumba hii ni ileile na chumba chako ni kilekile. Nabintu mwenyewe ameruhusu upite. Ukisimama, pia ni ileile. Nimejilazimisha kuiandika sentensi hiyo ya mwisho, na sasa nikiisoma naona ni kweli.

Neno moja la kukusaidia kumtambua, kwa kuwa njia ile huwa na akina mama wengi wanaouza ndizi. Kitu kile kilichokunjwa nilikuja kukijua baadaye, nilipomuuliza mama yako kilichobaki cha kitenge chako kiko wapi. Alimpelekea fundi kipande kimoja, akashonesha gauni lako la safari. Kilichobaki ndicho alichotia kapuni. Kama hutaki, lile la bluu limo begini pia, na mama yako ataudhika siku moja kisha atapona. Lakini ukivaa lile jipya, huna haja ya kumuuliza mtu ni yupi. Atakuwa amesimama pale, amevaa kitambaa chako.

Baba yako